Nilivyokwenda na Mama Kwenye Mtihani wa Tovuti

Mama alipopooza upande wa kulia, kaka zangu wawili walikaa kikao cha dakika kumi sebuleni kwetu Chanji. Mmoja anafanya kazi Mpanda, mwingine Tunduma. Walikubaliana nibaki mimi, kwa kuwa sina mume wala mtoto. Hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa jikoni nawasongea ugali, na uamuzi huo niliupata nikiwa nimeshika sinia la chakula chao.

Nikabaki. Kumgeuza kila baada ya saa mbili, kumlisha uji wa ulezi kwa kijiko, kumsafisha, kufua. Mwaka mzima sikufika mbali zaidi ya sokoni.

Jirani yetu mmoja, mama mjane, ndiye aliyeniletea habari za chuo kidogo mjini kilichoanza kufundisha kutengeneza tovuti, alasiri mbili kwa wiki. "Nenda, mimi nitakaa naye," alisema. Siku ya kwanza mwalimu alituambia, "Kazi hii haiulizi unakaa wapi. Ukiwa na kompyuta na bando, uko kazini." Wenzangu waliandika kwenye madaftari. Mimi nilikaza macho nisilie mbele za watu.

Nilijifunza kupanga kurasa, kutengeneza fomu, kuhakikisha maandishi yanasomeka hata kwenye simu ndogo. Nyumbani nilifanya mazoezi kwa kompyuta ya mtumba, pembeni ya kitanda cha Mama, na kila nilipokaribia kuelewa jambo, Mama alitaka maji. Nikaanza kumjibu kwa sauti nisiyoipenda. Siku moja nilimwambia, "Subiri basi, Mama! Kwani unakwenda wapi?" Alinitazama, kisha akageuzia uso ukutani. Niliinama tena kwenye kompyuta, lakini sikuona kitu. Asiyekwenda popote nilikuwa mimi.

Wiki ya mtihani wa mwisho, jirani aliitwa aende Ilemba kusaidia mavuno ya dada yake. Nilimpigia mwalimu.

"Dada, ni lazima uje mwenyewe, uonyeshe kazi yako mbele ya wasahihishaji," alisema.

"Mgonjwa siwezi kumwacha peke yake."

"Basi njoo naye."

Nikamvika Mama sweta mbili, nikamfunga blanketi, dereva wa bajaji akanisaidia kumpakia. Darasani tulimkalisha kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha. Wenzangu walimwamkia shikamoo mmoja mmoja, naye akawaitikia kwa ulimi wake mzito. Wasahihishaji walikuwa watatu, mmoja wao ametoka kwenye kampuni ya tovuti ya Dodoma.

Zamu yangu ilipofika, nilianza kuwaonyesha tovuti niliyowatengenezea wakulima wa ulezi, mahali ambapo mnunuzi angejaza fomu ya kuagiza. Nikiwa katikati ya maelezo nikasikia harufu. Niligeuka. Mama alikuwa ameinamisha kichwa.

"Samahani, naomba dakika chache," nikasema.

Mwanafunzi mwenzangu mmoja, msichana ambaye tulikuwa hatujazungumza zaidi ya salamu, aliinuka bila kuombwa akamshika Mama mkono wa pili. Tulimsafisha kwenye choo cha chuo, Mama akilia bila sauti. Niliporudi mbele, mikono yangu ilikuwa bado na maji. Nikabonyeza kitufe cha kutuma. Fomu ikafanya kazi.

Yule wa Dodoma alisema, "Leo sijaona kazi nzuri kuliko hii. Tunamchukua mtu mmoja, miezi sita ofisini kwetu, halafu ajira. Unaweza kuanza lini?"

"Siwezi kufanyia hapa hapa?"

"Miezi sita ya kwanza lazima uwe ofisini."

Nilimtazama mwalimu. Alikuwa anapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Nenda," Mama akasema kutoka dirishani. Darasa zima lilisikia. "Nenda, mwanangu."

Ningependa kusema nilishukuru. Ukweli ni kwamba nilipandwa na hasira, kwa sababu alikuwa ananiruhusu jambo ambalo sote wawili tulijua haliwezekani, na sasa ni mimi niliyepaswa kulikataa mbele za watu.

"Siwezi," nikasema.

Nafasi ile alipewa yule msichana aliyenisaidia kumshika Mama. Sikumwonea kijicho siku ile. Kijicho kilikuja baadaye, aliponitumia picha ya meza yake ya kazi.

Hakunisahau. Kazi zikimzidi hunitumia kipande, nami hukikamilisha hapa kitandani kwa Mama. Tovuti kadhaa mnazozifungua zimepita mikononi mwangu, na bosi wake hajui kama nipo. Kaka zangu wakipiga simu husema, "Afadhali wewe umetulia nyumbani."

Siku ile ya mtihani, mimi na Mama hatujawahi kuizungumzia. Mwezi uliopita Mama alijaribu. Alinishika mkono, akaanza, "Ile Dodoma..." Nikajifanya napokea simu, nikatoka nje.