Ridhwani na Lengalenga za Mzazi

Ukitaka kumuudhi Ridhwani, msifie ua. Atakutazama kwa huruma, kisha atakuuliza kama umewahi kujisumbua kuona lina nini chini. Yeye ni mtafiti katika labo ya mizizi ya chuo kikuu kimoja mjini Goma, na humo ndani majani hayana heshima yoyote. Wenzao wanaochunguza majani, walio ng'ambo ya korido, huitwa na labo ya mizizi watu wa saluni.

Labo yao inachunguza jinsi mboga zinavyopenyeza mizizi katika udongo wa mawe ya volkano. Siku ya kuvuna, mmea hung'olewa pamoja na bonge lake la udongo, ukalowekwa kwenye beseni, kisha kichwa chote cha majani hukatwa na kutupiwa mbuzi wa mlinzi. Hapo ndipo kazi inapoanza. Mzizi huogeshwa taratibu kwa vidole na maji ya vuguvugu, mpaka uzi wake wa mwisho uonekane. Anayekata hata uzi mmoja hupewa pole na labo nzima, mmoja baada ya mwingine, kwa kushikana mikono, kana kwamba amefiwa. Ridhwani hajawahi kupewa pole, na jambo hilo hulitaja hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza.

Sifa hizo hazikumsaidia kitu nyumbani kwake, mtaa wa Katoyi. Mkewe, Ramla, alikuwa amejifungua binti, na mama mkwe, Mama Asumini, muuza vitenge wa sokoni Birere, alikuja akiwa amekwisha kukata shauri: mzazi na mtoto watakaa kwake mpaka arobaini itimie. Nguo za mtoto zilikuwa zimefungwa tayari, ziko mlangoni. Ridhwani alikitazama kile kifurushi, moyo ukamwuma. Mtoto amekuja juzi tu, na leo anachukuliwa!

"Mama, nitawaangalia mimi mwenyewe," akasema. "Nitapika, nitafua."

"Weye?" Mama Asumini alimpima toka utosini mpaka kwenye ndala. "Tangu mutoto azaliwe, sijaona hata siku moja unamushika."

Hilo lilikuwa kweli. Kila alipomsogelea yule binti, mikono ilimtetemeka, akajifanya anatafuta simu.

"Muzazi anakulaka lengalenga, inaongeza damu," mama mkwe akaendelea, akimaanisha mchicha. "Zile za nyuma ya nyumba zimekomaa. Enda uvune, uoshe muzuri, ulete. Nione kama hii nyumba iko na mutu."

Ridhwani akatoka mbio. Wallahi, alikwenda na nia ya mboga. Lakini lengalenga zile zilikuwa zimeota katika nyufa za mawe meusi, na ule mche wa kwanza alioushika ulikuwa na mzizi ulioingia katika ufa, ukakata kona, ukaendelea. Mtu kama Ridhwani ataachaje kitu kama hicho? Akapiga magoti. Akachimbua miche yote kwa kijiti, akaloweka kwenye beseni, akaanza kuimba kwa sauti ya chini. Mazoea yana taabu. Mkono wenyewe ukachukua kisu, ukakata vichwa vyote, ukavirusha juu ya ukuta kwa sungura wa jirani, Mama Dorine.

Alirudi kifua mbele, sinia imefunikwa kitambaa cheupe. Mama Asumini akafunua.

Juu ya sinia ilikuwa imelala mizizi, imenyooshwa vizuri, myeupe.

"Majani iko wapi?"

Ng'ambo ya ukuta sungura walisikika wakitafuna.

"Mama... nimewapa sungura."

Kitandani, Ramla alicheka mpaka akajishika tumbo. "Basi, basi, munaniua! Tumbo inaniuma!"

Ridhwani hakucheka. Alikitazama kile kifurushi cha mlangoni, akaona machozi yanamjia, na hakujali nani anamwona.

Mama Asumini naye hakucheka. Alibeba sinia mpaka kwenye mwanga, akainua mzizi mmoja. Ulining'inia mzima, na nyuzi zake zote laini kama nywele za mtoto.

"Hii ilitoka mu mawe?"

"Ndiyo, mama."

"Na haikukatika?"

"Hata uzi mmoja," akasema Ridhwani akipangusa macho, maana hata katika msiba ule hakuweza kujizuia.

Mama mkwe akaweka sinia chini, akaagiza beseni na maji ya vuguvugu. Ridhwani akadhani mtoto anaogeshwa kwa safari. Mama Asumini akamvua binti nguo, akampakata, halafu akamweka mikononi mwa Ridhwani.

"Muogeshe."

"Mama, nitamuumiza."

"Mikono yenye haikukata hii muzizi, itaumiza mutoto? Ogesha."

Mikono ilitetemeka mpaka ilipogusa maji. Humo ndani ikatulia.

Mama Asumini alikuwa akifungua kile kifurushi, nguo moja moja. "Watabaki hapa. Lengalenga nitanunua mimi. Lakini weye, mukwe, jikoni usiingie."

"Na kichwa, Papa Ridhwani," Ramla akaita toka kitandani, "usitupie sungura!"

Ridhwani hakusikia. Alikuwa ameanzia miguuni, kidole baada ya kidole, na mtoto alikuwa amenyamaza akimtazama.