Mlango Nilioufunga Mara Mbili

Chumba changu cha ushauri nasaha kiko Lemara, nyuma ya duka la dawa, na kitu nilichojivunia humo ni mlango. Ni wa mbao nzito. Ukishaufunga, hata honi za bodaboda husikika kwa mbali. Mimi ni Mmeru wa Tengeru, na mama yangu alipofiwa na mume alilia chumbani, kitasa kimefungwa, kisha akatoka na uso mkavu kutupikia. Nilipofika chuoni na kufundishwa kutunza siri za mteja, niliona walimu wanarudia ya mama tu.

Siku moja muuguzi wa zahanati upande wa Kisongo alinitumia mzee wa Kiarusha, kabila jirani na letu. Mzee huyo alikuwa amemzika mwanawe wa kwanza, kijana aliyegongwa na lori akiwa kwenye pikipiki. Tangu mazishi, wiki tatu sasa, alikuwa hasemi na chakula anaonja tu kwa kulazimishwa. Muuguzi aliniambia bila kuficha kwamba akiendelea hivyo atamfuata mwanawe.

Alikuja na wazee wawili wa rika lake, watu waliotahiriwa pamoja naye ujanani. Niliwaamkia, wakaitika. Nilipomkaribisha, wote watatu waliinuka, nami nikawazuia wale wawili. Niliwaeleza kwa adabu kwamba mambo ya mteja ni siri yake, kwa hiyo wasubiri kwenye benchi la nje. Walitazamana, wakaketi. Nikafunga mlango.

Alikaa saa nzima akitazama fimbo aliyoilaza magotini. Wiki iliyofuata nilifanya vilevile, na safari hiyo alikataa hata maji. Kwenye faili niliandika: mteja hayuko tayari. Nikiikumbuka sentensi hiyo naona aibu.

Alipotoka, mmoja wa wale wazee, mwenye sauti ya upole, alibaki nyuma. Hakunigombeza, ingawa ningeona nafuu kama angenigombeza.

“Mwanangu,” alisema, “kwetu mtu akiwa na jambo zito, rika lake hukaa naye. Anayewekwa peke yake ni mwenye kosa. Huyu anajiona amemuua mtoto, maana ndiye aliyemtuma mjini asubuhi ile. Na wewe umemfungia ndani mara mbili.”

Mwanzoni nilikasirika. Ningejuaje? Kisha nikajijibu kwamba ningeuliza. Mlima wetu ni mmoja, maziwa yao nimekunywa tangu utotoni, na sikuwahi kuwauliza wanaombolezaje. Wahenga walisema mkataa wengi mchawi. Huyu hakuwakataa wengi wake. Niliyewakataa ni mimi, kwa niaba yake, tena na cheti ukutani. Wiki nzima nilihofia kupigiwa simu ya msiba.

Mzee alirudi na wenzake, mashavu yamebonyea zaidi. Kabla hajaketi nilimwambia, “Baba, nilikosea. Ungependa wenzako waingie?”

Alikivuta kiti chake pembeni kuwaachia nafasi.

Niliingiza benchi lile lile, wakakaa wakimgusa kwa mabega, nami nikafunga mlango tukiwa wanne. Hawakumuuliza kitu. Mimi niliyezoea kuuliza nilijilazimisha kunyamaza, na haikuwa rahisi.

“Mimi ndiye niliyemtuma,” alisema hatimaye.

Nilikuwa na maneno yangu tayari, yale ya chuoni, kwamba ajali haina mwenyewe na asijilaumu. Yule mwenye sauti ya upole aliniwahi.

“Mtoto wako ni mtoto wa rika. Tulimtuma sote.”

Mwenzake akaitikia kwa kichwa, akarudia taratibu: “Tulimtuma sote.”

Mzee alijifunika uso kwa shuka aliyojitanda begani, akalia. Hawakumnyamazisha wala hawakumtazama, walikaa naye tu. Nami nililia palepale kitini, nikimkumbuka mama yangu na kile kitasa, na kwamba hatukuwahi kumgongea.

Alipojifunua, mmoja wao aliniuliza kama karibu pana uji. Nilikwenda mwenyewe kwa mama lishe wa jirani nikarudi na chupa na vikombe vinne. Wale wawili walianza kunywa, kisha yeye akapokea chake. Alikunywa mpaka mwisho, akanyoosha mkono kuomba kingine.