Mlango Uliotoka Ufaransa

Usipoamini, shauri yako. Mimi nilikuwepo, na ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi, si usiku nikaja kusingizia usingizi.

Nilikuwa mfanyakazi wa ndani Riyadh, mtaa wa Suwaidi, mimi wa Mombasa na mwenzangu Mwende wa Kitui. Bosi wetu alisoma Ufaransa, akarudi na wazimu wa kujenga nyumba kama za mamwinyi wa huko enzi za vita. Si kasri, ni nyumba ya shamba tu, lakini ngome: kuta nene dhiraa mbili, chini mlango ni mmoja tu, na hakuna dirisha ila nyufa za kutupia mishale. Ngazi za mnara zinajizungusha ili adui akipanda upanga wake ugonge ukuta. Juu ya mlango kumejitokeza kijumba chenye tundu sakafuni, la kummwagia adui mafuta ya moto. Mlango wenyewe ulikuwa wa kweli, umeng'olewa kwenye gofu huko na kuletwa kwa meli hadi Jeddah.

Bosi alipenda kuwasimulia wageni nikiwamiminia kahawa. Siku ya vita, mwinyi aliufunga mlango huo na kijakazi wake yuko nje, kaenda kuokota kuni. Akakwaruza mbao mpaka kucha zikang'oka zote. Kisha mafuta yakamwagwa, yakampata yeye pamoja na adui. Wageni walicheka. Nami nilicheka, nisikufiche. Bosi akicheka, utafanyaje?

Basi siku ninayokusimulia, bosi na mkewe walikwenda Jeddah, geti la nje wamelifunga na ufunguo wameondoka nao. Mwende akatoka miguu mitupu kutupa taka kwenye pipa la uani, mlango kauacha wazi. Mimi niko jikoni nakata vitunguu, nikasikia, "Hodi!"

Sasa niambie, mtu wa pwani akisikia hodi hufanya nini? Mdomo hujibu kabla ya akili. "Karibu, pita ndani," nikasema, wala sikujiuliza tangu lini Mwende akapiga hodi akitoka kutupa taka.

Nikasikia komeo likishuka. Kutoka jikoni, namwona Mwende kaketi kitini ukumbini, mgongo kauegemeza mlangoni. Nikampelekea maji. Alipopokea gilasi nikaona vidole vyake havina kucha. Hata kimoja.

Hapo mlango ukagongwa kwa nje. "Dada! Nifungulie bwana, hii jua inaniua!"

Yule wa kitini akatabasamu tu.

Nilipanda ngazi mbio hadi kijumbani, nikachungulia tunduni. Mwende alikuwa chini pale, anainua mguu huu, anainua ule, mawe yanamuunguza, na uani hakuna mti wala kivuli. Akatazama juu.

"Dada, mbona unaniangalia tu? Ni mimi!"

Akaninyooshea mikono. Kucha zake zilikuwa na rangi nyekundu niliyompaka mwenyewe Alhamisi.

Utasema nilichanganyikiwa, sikujua yupi ni yupi. La. Nilijua vizuri kabisa. Lakini ili kufungua ilibidi nimwondoe yule wa kitini, na mimi sikuthubutu. Nikajifungia kijumbani, nikaziba masikio. Hayakuzibika. Aliniita mimi, akamwita Yesu, mwishowe akamwita mamake kwa Kikamba.

Ilipoadhiniwa Alasiri nikashuka. Kiti kitupu, gilasi ya maji imejaa vilevile. Nikafungua. Mwende alikuwa kifudifudi kizingitini, amekwisha kufa.

Daktari alisema ni jua. Madam alilia kidogo, akasema halas, basi yamekwisha, ni amri ya Mungu, kisha akaniuliza kama namjua Mkenya mwingine anayetafuta kazi.

Siku hizi niko Jeddah, Sharafiya, napika mkahawani. Mamake Mwende hunipigia simu. "Asante mwanangu," huniambia, "angalau hakufa peke yake." Nami humjibu, "Tushukuru Mungu, mama." Ukweli sijamwambia, na sidhani nitamwambia.

Basi wewe uliye ugenini, watu watakuonya juu ya majini. Lile langu halikumgusa mtu, lilikaa kitini tu. Mwenzako akiwa nje, mfungulie kwanza. Uogope baadaye.