Nyumba ambayo Ardith alikataa iwashwe

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mahindi. Ardith Swoboda, zimamoto wa kujitolea katika mji wa Harlan Creek, Nebraska, ameketi gerejini katikati ya maboksi ya vitabu. Anasoma polepole, midomo ikichezacheza.

Kwa miaka kumi na tisa amezima moto bila malipo. Riziki yake ni kuendesha basi la shule. Vitabu hivi alitumwa avichome.

Vuli iliyopita, bodi ya shule iliondoa darasani riwaya moja ya zamani iliyolalamikiwa na wazazi wachache. Maboksi yakapelekwa kwenye nyumba kuukuu ambayo zimamoto wangeiwasha kwa mazoezi, yawe kuni. Dunia ina vituko: hakuna aliyefungua akaona kwamba riwaya yenyewe ni habari za nchi ambayo kazi ya zimamoto ni kuchoma vitabu.

Kabla ya kuwasha, desturi yao ni mmoja apite kila chumba akiita, isije ikawa kuna mtu amelala. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Ardith. Aliita, akaketi juu ya boksi afunge kiatu, akafungua kitabu. Vumbi lilielea kwenye mwanga wa dirishani. Anasema sauti za nje zilififia, kama yumo usingizini.

"Ardith! Kuna mtu humo?" aliita Kapteni Merle Havlik.

"Wapo."

"Wapo nani? Acha utani, mama, watu tuna njaa."

"Basi njoo uwatoe mwenyewe," alijibu, kitabu kikiwa wazi mapajani.

Kwao, likishatoka jibu hilo, moto hauwashwi. Havlik aliingia akinung'unika, akasoma ukurasa mmoja, akainua boksi la kwanza. Wakayabeba yote, wao wawili, hadi gereji ya Ardith.

Riwaya hiyo iliandikwa miaka ya hofu baada ya vita vya pili vya dunia, watu wakichunguzana. "Nilidhani serikali ya humo kitabuni ndiyo iliyoanza kuchoma," anasema Ardith. "Kumbe watu wenyewe walichoka kusoma. Walitaka vifupi, vya kuchekesha, visivyomuudhi mtu. Wenye viberiti walikuja mwisho. Hapo ndipo nilipoogopa, maana hata mimi nilikuwa sisomi."

Bodi itapiga kura tena Jumanne, kama riwaya irudi darasani. Ikikataa, ataifungua gereji kila Jumamosi kwa mwanafunzi yeyote anayetaka kuisoma. Ameshaambiwa kwamba huenda akanyang'anywa basi.

"Nitaumia," anasema. "Nawapenda wale watoto."

Anainuka kwenda kuwachukua. Akiwa ameshika mlango wa gereji, anaita kwa mazoea, "Kuna mtu?" Anasubiri kidogo, kisha anauacha wazi.