Maua Kumi na Moja ya Saltanat

Watu wa Rovasca husema Bi Ersilia Queirolo anakumbuka hata dagaa aliopunjwa mwaka alioolewa. Husema kwa kucheka, na husema akiwa hayupo. Ni mjane wa fundi wa reli, miaka sitini na saba, mwembamba, mwenye nyumba juu ya ngazi mia moja na kumi, na chumba cha kuwapangisha wanafunzi wa kigeni wanaotoka Genova mwisho wa juma kuja kutembea pwani. Mashuka yake ni meupe na kahawa yake ni nzito. Ulimi wake, Mungu atuepushe nao.

Ijumaa ya sikukuu ya Watakatifu Wote, saa kumi alasiri, alifungua mlango akamkuta mgeni wake amekumbatia shada kubwa la krisantemi za manjano.

Msichana aliitwa Saltanat, mtu wa Karaganda, huko Kazakhstan, mwaka wake wa kwanza ugenini akisomea uchoraji wa majengo. Alikuwa anahema kwa zile ngazi, na Kiitaliano chake kilitoka polepole, neno baada ya neno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Ni yako, Bi Ersilia. Kumi na moja. Nimehesabu mara mbili. Kwetu shufwa ni ya maiti, witiri ndiyo ya walio hai."

Ersilia aliganda pale pale. Pwani ile krisantemi ni ua la kaburini, basi. Aliye hai hapewi, ziwe witiri au shufwa. Wiki hiyo zinauzwa kila kona kwa sababu Jumamosi ni siku ya Marehemu, na kila ukoo unapanda makaburini na ndoo na brashi kuwasafishia watu wake. Mtoto wa watu amezikuta kituoni, nzuri na rahisi, kanunua. Mwenye nyumba mwingine angemfungia mlango usoni. Ersilia alinyoosha mkono kwanza, akagusa chuma cha komeo kujikinga na mkosi. Halafu wazo likamjia, na lilipomjia akajisikia kijana. Akayapokea maua, akayatia kwenye ndoo ya maji, akamwambia msichana kwamba ni mazuri mno kwa nyumba ndogo kama ile, na kesho angemtuma nayo kwa mtu anayestahili.

Mtu huyo alikuwa Ottavia Bregante.

Miaka arobaini na mitano iliyopita Ersilia alikuwa msichana pekee wa Rovasca aliyefika chuo kikuu. Alisoma lugha. Aliomba nafasi ya mwaka mmoja Ureno, na Ureno wakamkubali, kwa barua, wakimtaka ajibu ndani ya siku kumi na tano. Barua ilifika posta ya Rovasca tarehe tatu. Mhuri wa posta ile ile ulisema hivyo. Ersilia alikabidhiwa tarehe ishirini na tano. Aliyekaa nyuma ya dirisha la posta ni Ottavia, rafiki yake, aliyekuwa akilala naye kitanda kimoja tangu utoto. Ersilia alimwekea mhuri ule mbele ya macho. Ottavia aliutazama, akasema, "Barua huchelewa, Ersilia. Ndivyo zilivyo barua."

Hakusema zaidi, siku ile wala nyingine. Nafasi ikaenda kwa mtu mwingine. Mwaka uliofuata baba wa Ersilia akaumia mgongo, chuo kikaisha hapo, na pwani ya Ureno hajaiona hadi leo. Sasa anawafulia mashuka watoto wa dunia nzima waliopata alichonyimwa. Msamaha hakuutaka, angeutupa baharini. Alitaka Ottavia aseme kwa mdomo wake kwamba aliificha, na aseme kwa nini. Maneno hayo mawili tu. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Wakati wa chakula cha usiku alimuuliza Saltanat alivyopata habari ya kukubaliwa Genova. Msichana akasema ilimjia kwenye simu, akiwa amesimama kwenye basi, na akajibu kabla ya kufika kituo cha pili. Ersilia alimwongezea tambi, akachukia basi hilo asilolijua.

Asubuhi ya Jumamosi alimfundisha sentensi. Ottavia angetimiza miaka sabini kesho yake, Jumapili, na pwani nzima inajua kwamba kumpa mtu heri ya kuzaliwa kabla ya siku yenyewe ni kumwombea asiifikie. Kwa hiyo: heri ya mapema, maua ya kaburi, siku ya Marehemu, mbele ya wenzake wa meza ya karata kwenye baa ya uwanjani. Alimrudisha msichana mara nne mpaka akaisema bila kujikwaa.

"Heri ya kuzaliwa, Bi Ottavia. Kutoka kwa Ersilia. Na kila kitu kikufikie kwa wakati wake."

"Safi kabisa," Ersilia akasema. "Na utabasamu, mwanangu. Wewe una tabasamu zuri."

Kisha akatoka roshani kama aendaye kuanika, nguo moja mkononi, akatazama chini.

Aliona shada la manjano likivuka uwanja. Aliona karata zikisimama hewani. Mzee Duilio, mwenye baa, aliacha kupangusa gilasi akashika mguu wa chuma wa meza. Mwanamke mmoja alizamisha mkono mkobani kutafuta funguo, aguse chuma. Wengine wawili waliteremsha vidole viwili vya kukinga mkosi chini ya meza. Saltanat alisimama katikati yao anatabasamu kama alivyoagizwa. Ottavia aliziweka karata zake chini. Kisha akainuka kwa kushika meza, akayapokea yale maua kwa mikono miwili, akamwongoza msichana nyumbani kwake, mlango wa pili kutoka baa. Mlango ukafungwa.

Ersilia aliningʼiniza ile nguo moja, akaiondoa, akainingʼiniza tena. Alisikia raha ambayo hakuwa ameisikia tangu azaliwe mwanawe, na hakuiona haya. Saa nzima ikapita mlango haujafunguka. Hakuweza kungoja. Akaingia ndani akampigia simu binamu yake Iole aliyeko Savona, mtu pekee aliyejua habari yote, akamsimulia karata zilivyosimama.

"Na aliyepeleka hajui chochote," alimwambia Iole, anacheka mpaka machozi. "Msichana wa nyika za nyasi huko. Hajui ua lipi ni la kaburi. Ukimpa jeneza atakushukuru na kukuuliza aliweke wapi. Nimemtumia kama bahasha, Iole. Unaandika unachotaka, unafunga, unatuma."

Alipogeuka, Saltanat alikuwa amesimama mlangoni, mashavu mekundu kwa kupanda ngazi mbio, mdomo umefunguka nusu kama aliyekuja na la kusema.

"Umefika?" Ersilia alimuuliza, akiweka simu chini. "Alisemaje?"

Msichana alifunga mdomo. Aliangalia ile ndoo tupu iliyokuwa na maua.

"Alisema asante," akajibu.

Ersilia alijipa moyo kwamba Kiitaliano cha simuni ni cha mbio na cha kilugha, na mtoto anayevuka mawe hawezi kuvuka kijito cha kasi namna ile. Hata hivyo alimkaangia kababu za samaki jioni ile, jambo asilowafanyia wapangaji. Saltanat alikula zote, akaosha sahani yake mwenyewe.

Jumapili msichana aliondoka asubuhi na mapema, akatembea njia ya juu ya bahari hadi kijiji cha tatu na kurudi, mwendo wa saa sita, kama alivyopanga toka Genova. Alirudi na vumbi hadi magotini na picha za kuta za mawe na mizabibu iliyokwisha kuvunwa. Alimwonyesha Ersilia picha zote, moja baada ya nyingine, kwa adabu. Mojawapo ilikuwa ya makaburi ya Rovasca, manjano tupu kutoka ukuta hadi ukuta. Ersilia alisema mwanga ulikuwa mzuri. Saltanat akasema ndiyo, ulikuwa mzuri.

Alimsindikiza stesheni mwenyewe, nalo ni jambo lingine asilolifanya. Treni ya saa kumi na moja iliingia kwa wakati. Saltanat alipanda na mkoba wake mgongoni, akageuka mlangoni. Sasa Kiitaliano chake kilinyooka, kama mtu aliyekuwa akikipanga njiani saa sita nzima.

"Bi Ottavia alijua maua yale yana maana gani. Hakuniambia. Alinipa kahawa, akalia, akaniambia habari ya barua yako. Aliificha yeye. Akaniambia na kwa nini. Kisha akanishika mkono, akanibembeleza nikuambie wewe, neno kwa neno, kwa sababu yeye mbele yako ulimi unamfia. Nilizipanda ngazi zako zote mbio."

Ersilia alishika mlango wa treni. "Kwa nini? Alisema kwa nini?"

"Ulikuwa kwenye simu," Saltanat akasema.

"Mwanangu, lile lilikuwa neno la kijinga la kizee. Niambie."

Filimbi ikapigwa. Msichana aliutoa mkono wa Ersilia mlangoni, taratibu, kidole baada ya kidole, asije akaumia.

"Nitakuandikia barua," akasema, na mlango ukajifunga.

Jumatatu Ersilia alimeza alichokuwa hajakimeza miaka arobaini na mitano, akashuka, akabisha mlango wa pili kutoka baa. Krisantemi zilikuwa dirishani, zimemwagiliwa maji. Ottavia alifungua nusu. Alikuwa ameifikia sabini, na pengine ameshasikia kutoka kwa Duilio kwamba kicheko cha nyumba ya juu kilifika hadi uwanjani.

Ersilia alisema amekuja kusikia mwenyewe. Alisema yote yameisha, hana tena kinyongo, na huo ulikuwa uongo wa kwanza aliowahi kumwambia Ottavia.

"Mimi nilishautuma ujumbe," Ottavia akasema. "Kwa mkono wa mjumbe wako. Haujafika?"

"Haujafika."

Ottavia alimtazama kama alivyokuwa akitazama watu zamani, kutoka nyuma ya dirisha la posta.

"Barua huchelewa, Ersilia."

Tangu hapo mtu akitaka kumpata Bi Ersilia saa nne asubuhi, asipande ngazi. Atamkuta chini, kando ya kisanduku chake cha barua, ameshika ufagio, anafagia palipokwisha kufagiliwa. Mleta barua humpa bili ya umeme, au tangazo la duka la miwani, naye huligeuza upande wa pili kutazama mhuri.