Hesabu ya Kusimama

Nilipokabidhiwa gereza la wanawake upande wa Kisauni, nilikuwa nimeshaitumikia jela miaka mingi huko bara, kwenye baridi, na sikudhani kwamba pana jambo la jela la kunishangaza. Asubuhi ya kwanza nilitoka kushuhudia hesabu. Wanawake walikuwa wamechutama uani kwa safu za watano watano, mikono magotini, vichwa vimeinama, na askari akipita katikati yao akiwagusa mabega. Idadi ilipokubali waliamriwa kuinuka. Wote wakainuka isipokuwa bibi mmoja wa safu ya nyuma. Wenziwe wawili walimshika makwapani wakamnyanyua bila hata kumtazama, kama watu waliozoea kuinua ndoo.

"Samahani, afande," alisema akicheka kwa haya. "Magoti haya si yangu tena."

Alikuwa mahabusu, mzaliwa wa Mishomoroni. Mashemeji zake walimshtaki kwa kuvunja mlango wa nyumba waliyomtoa baada ya mumewe kufariki, na kesi ilikuwa ikiahirishwa tu. Ukimwita haitiki "ndiyo, afande" kama wengine. Huitika "abee," kwa sauti ya mtu aliye jikoni kwake.

Kuchutama kwenyewe hakukunikasirisha. Nilikuwa nikihesabu watu waliochutama tangu nikiwa kuruta. Lakini niliporudi ofisini nilimwita sajini, nikamwuliza ni kanuni gani inayosema wachutame. Sajini huyo alikuwa Mgiriama wa Kaloleni, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, aliyelijua gereza lile kuliko mkuu yeyote aliyepita hapo.

"Kanuni siijui, afande. Nami nimekuta hivyo."

Niliitafuta, sikuiona. Basi nikaitisha kikao cha askari katika karakana ya kushonea. Niliwaambia kwamba nataka watu wahesabiwe wakiwa wamesimama, na wasalimiwe kabla ya kuamriwa lolote.

"Mtu aliyesimama anakimbia upesi," alisema askari mmoja.

"Akimbilie wapi na ukuta ule?"

Walicheka. Sajini hakucheka. Aliinuka, akavuta mkanda wake vizuri.

"Afande, kwa heshima zako. Mimi nalala chumba kimoja na familia ya mwenzangu, katikati tumetia pazia. Mume wangu akikohoa, mume wa mwenzangu humwambia pole. Gwarideni natukanwa mbele ya hawa hawa ninaowalinda. Leo waniambia nikamsalimie mahabusu. Haya, ni amri. Na mimi, nani atanisalimia?"

Jioni ile nilimwomba anionyeshe nyumba zao. Mambo yalikuwa kama alivyoyasema, na joto juu yake. Kujenga nyumba hakukuwa katika uwezo wangu. Niliwaandikia wakubwa, wakajibu kwamba wamepokea. Niliyoyaweza yalikuwa madogo. Nilipiga marufuku matusi gwarideni, nikaanza na naibu wangu, naye akaninunia kwa muda mrefu. Likizo zikatolewa kwa zamu badala ya kwa kujuana. Na kila Alhamisi mchana tulikaa katika karakana ile, vyeo tumeviacha nje, kila mtu aseme lililomlemea. Alhamisi za mwanzo tulisikiliza feni. Kisha askari mmoja kijana kutoka magharibi akasema kwamba tangu siku aliyomkatia kamba mahabusu aliyetaka kujinyonga, hawezi kulala taa ikiwa imezimwa. Hakuna aliyemcheka. Mwenzake aliyekaa karibu na cherehani akasema, "Hata mimi."

Hesabu ya kusimama ilianza baada ya hapo, na ilianza vibaya. Wanawake hawakujua mikono waiweke wapi. Wengine walichutama kwa mazoea, wengine waligeuka kuzungumza, na idadi ikakataa tena na tena. Bibi wa Mishomoroni alimshika jirani yake bega, akaniuliza, "Nisimame hivi hivi tu, mwanangu?" Kisha akashtuka, akasema, "Afande." Sajini alihesabu upya, kwa utulivu wa mtu aliyelitarajia hilo. Ilichukua majuma hadi jambo likatengemaa. Askari mmoja aliomba uhamisho akisema jela imegeuzwa nyumba ya harusi. Nilimtilia sahihi.

Kisha maji yakakatika. Kwetu maji kukatika si habari, lakini safari ile mifereji ilikauka siku baada ya siku, na lori la maji tuliloahidiwa halikuja. Kisima chetu kilitoa maji ya chumvi, ya kuoshea sakafu. Alasiri moja nilikwenda ng'ambo, kisiwani, kuwalilia wakubwa watupe lori. Niliporudi niliwakuta wanawake wote uani, wamekataa kuingia wadini, kwenye vyumba vyao vya kulala. Walikuwa wamesimama. Askari vijana walikuwa wameshachukua marungu. Wazo lilinipitia kwamba lau wangekuwa wamechutama, ingekuwa rahisi.

"Yawekeni hayo," sajini aliwaambia vijana, akatangulia mbele peke yake. Mimi nilibaki langoni.

"Mama zangu, hamjambo?"

Wachache waliitikia.

"Maji hakuna, na siwadanganyi kwamba yaja saa hii. Mfereji wenu ndio wangu. Sijaoga. Asiyeamini na asogee aninuse."

Pakatokea kicheko, si kikubwa. Mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni akapaza sauti, "Na tangi la ofisini mwatuficha!"

"Lipo," alijibu sajini, bila kunigeukia. "Ni la afande, limebaki nusu. Haya, semeni wenyewe nani aanze."

Walibishana. Bibi wa Mishomoroni ndiye aliyesema waanze wenye watoto wachanga, kisha wagonjwa, na wenye nguvu wasubiri. Mmoja alipinga, wakamnyamazisha. Wakateka maji kwa zamu yao, wakaingia wadini wakinung'unika, na hakuna aliyeguswa. Lori lilikuja kesho yake.

"Tangi langu umeligawa bila ruhusa," nilimwambia sajini baadaye.

"Ndiyo, afande. Ungekataa?"

"Ningechelewa."

Aliitikia kwa kichwa, kama kwamba hilo nalo alilijua, akaenda kubadilisha zamu.

Mashemeji wa yule bibi walichoka kufika mahakamani, na kesi ikatupwa. Alitoka asubuhi moja nikiwa likizoni, hivyo sikumuaga. Mwaka uliofuata nilihamishwa. Mwenzangu aliyekuja kupokea gereza alizunguka nami uani, akauliza maswali mazuri, akaandika mengi, na sikuweza kujua ataacha lipi na kushika lipi.

Juzi sajini alinipigia simu kunijulia hali. Aliniambia kwamba wanawake bado wanahesabiwa wakiwa wamesimama, ila wakija wageni wakubwa kutoka Nairobi huchutamishwa, maana mkuu mpya aona hivyo ndivyo nidhamu inavyoonekana. Wageni wakiondoka, huinuka wenyewe bila kuambiwa. Kikao cha Alhamisi kimefutwa kwenye ratiba. Wale vijana wanakifanya barazani kwao, siku yoyote wanayopata. Hakuwa akilalamika wala kujisifu. Alinieleza tu hali ilivyo, kisha akasema simu yake yaishiwa na chaji.