Kombe la Kilatini

Daktari Mzungu alitazama upele wangu, akaandika karatasi kwa wino, akasema ni Kilatini, lugha ya dawa. Kwetu Msambweni maandishi ya dawa huoshwa yakanywewa, ndilo kombe. Nikaiosha kwa marashi, nikanywa kwa bismillahi, na mama mkwe nikampa kidogo, kwa baraka.

Asubuhi jirani akaniambia kwa karatasi kama ile yeye alipewa hospitali dawa ya kupaka, tena ni sumu ukiinywa. Nikamkokota mama mkwe hospitali bila kumwambia sababu.

"Karatasi iko wapi?" akauliza dresa, mgawa dawa, dirishani.

Nikamnong'oneza, "Tumeinywa, bwana. Tutakufa?"

"Mmeinywa karatasi?"

Foleni nzima ikageuka. Mama mkwe akanishika kanzu. "Kumbe jana hukuninywesha Yasini?"